Harufu ya Mwisho

Maji safi yalinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Natela akatoa pua kwenye kikombe cha kioo. Kazi yake pale maabara ya divai ya mji wa Telavi ilikuwa kunusa: mashine inaichambua divai, harufu zinatoka mojamoja kwenye mrija unaoishia kikombeni, mashine inachora kila moja, naye anaitaja jina. Asubuhi hiyo walikuwa wakisafisha mrija kwa maji matupu.

"Bidzina, hapo imechora nini?" alimuuliza mwenzake aliyekaa kwenye mashine.

"Mstari mnyoofu, dada. Au jana ulinusa mpaka ukalewa?"

Natela hakucheka. Jana alikuwa amepitisha mashineni divai ya nadhiri, ya ule mtungi uliofukiwa mpaka shingoni katika ghala la baba yake. Ni ya marehemu wa ukoo peke yao; haiuzwi, haionjwi. Aliiba chupa moja, basi tu, ajue kilichomo. Usomi nao una kiherehere chake.

Wakapitisha maji tena. Likatoka waridi, ikaja asali, kisha mkate wa tanuri, kwa mpangilio uleule wa jana, na mashine haikuchora hata nukta. Wakati wa chakula aliumega mkate, asisikie harufu. Asali nayo vilevile. Akakimbilia waridi la dirishani, akalivuta kwa nguvu zote, na lilikuwa kama karatasi.

Hapo hofu ikamshika kwelikweli, maana alikumbuka harufu ya nne ya jana, ile ya mwisho, aliyoona haya kuitaja mbele ya mwenzake: utosi wa Tekle, mwanawe wa miaka minne.

"Zima mashine," alinong'ona.

"Nilishazima, dada."

"Sasa mbona inapuliza?"

Bidzina akasogeza kiganja kwenye kikombe, akakiondoa haraka. Pumzi ilikuwa ya moto, inakuja na kukatika, inakuja na kukatika, na Natela akainyakua ile chupa akatoka mbio bila koti, akashuka mtaa mzima akiwa ameziba pua kwa mkono mmoja, asije akaivuta hiyo ya nne, mpaka ghalani kwa baba yake.

Mzee alipoiona chupa hakumgombeza. Alilowesha mkate kwa ile divai uwe sadaka ya wafu, iliyobaki akairudisha mtungini, akaomba radhi kwa kila marehemu kwa jina lake.

"Uliinywa?"

"Hata tone, baba. Nilinusa tu."

"Ya chupani tumeirudisha, mwanangu. Uliyoivuta je?"

Natela akauinamia ule mkate uliolowa. Ulikuwa umeanza kunukia, naye akalia kwa furaha. Tekle, aliyekuwa akishinda kwa babu yake, akaja mbio kutoka uani, akamrukia. Natela akaizamisha pua utosini mwa mtoto.

Mshumaa uliozimwa sasa hivi, na udongo mbichi.

Mtoto naye alikuwa akimnusa shingoni, taratibu, amefumba macho, kwa pumzi ya moto inayokuja na kukatika kama ile ya mrijani.

"Waridi," akasema Tekle kwa sauti ndogo. "Asali. Mkate."

Akavuta pumzi ndefu.

"Mama."