Kreni ya Mshiriki Namba Arobaini na Moja

"Harusi imewahishwa. Bibi harusi anaondoka saa nne kamili."

Mkuu wa idara akakata simu.

Bawaba alitazama saa yake ya Casio. Saa tatu na dakika kumi na nane. Alikuwa amepewa siku nzima ya kumsaka mtu asiyemjua jina wala sura, na sasa siku hiyo imekatwa mkia, zimebaki dakika arobaini na mbili. Alitukana kimoyomoyo, akaiweka sawa Glock yake chini ya koti, akaonyesha tiketi mlangoni na kuingia ukumbini kwa tabasamu la mtu aliyekuja kustarehe.

Ukumbi ulikuwa unanguruma.

Meza themanini, na juu ya kila meza mashine iliyojengwa kwa matofali ya Lego. Matrekta, malori, mikono ya kuchimbia, saa ya ukutani, hata cherehani. Zote zina mota, zote zinakwenda. Na wenyewe si watoto. Ni mahakimu, madaktari wa meno, madereva wa treni, wazee wazima wenye vitambi na miwani, wamepiga magoti chini ya meza wakitafuta kipini kilichodondoka.

Watu wa nje huwacheka. Bawaba hakuwacheka. Kwa miaka sita alikuwa akishinda Jumapili mezani kwa kaka yake, akimpokeza gia na ekseli, na hapo palikuwa mahali pekee duniani alipoweza kukaa saa tatu mfululizo bila kuutazama mlango.

"Bawaba, unanisikia?"

Sauti ilitoka kwenye kidude kilichokuwa ndani ya sikio lake, kidogo kama punje ya mtama. Ilikuwa ya Dekio, mwenzake katika idara ya ujasusi. Leo alivaa ovaroli ya wafanya usafi na kusukuma ndoo katikati ya meza.

"Nakusikia."

"Mnunuzi yupo. Koti la kahawia, kibegi cha alumini. Anakunywa kahawa."

"Mwache anywe."

"Mkuu anataka tumkamate sasa hivi."

"Mwambie asubiri."

Bawaba alisimama mbele ya meza namba arobaini na moja. Kreni ya njano, ndefu kuliko yeye, ikipandisha kreti la kokoto na kulishusha, ikipandisha na kulishusha. Mezani hapakuwa na mtu. Kwenye kadi ya mshiriki lilikuwapo jina ambalo idara ilikwisha kulichunguza. Mwenye jina hilo alikufa akiwa na umri wa miezi minne.

Alitoa Samsung yake kama mtu anayepiga picha. Mafundi wa idara walikuwa wameipandikiza jicho la eksirei. Kwenye kioo, boksi la betri la kreni lilionekana wazi: betri tano badala ya sita, na katika nafasi ya ile ya sita, kadi nyembamba kama ukucha.

Ilikuwa nusu ya ufunguo wa malango ya bwawa kuu.

Mtu mwenye nusu zote mbili angeweza kukaa nchi ya mbali, akabonyeza kitufe na kuyafungua malango yote kwa pamoja. Chini ya bwawa kulikuwa na miji mitatu. Mnunuzi alikwishailipia kreni kama mteja mwingine yeyote, na saa nne angeibeba, yule bibi harusi wa simuni, na kuondoka. Nusu ya pili ilikuwa bado kwa aliyeijenga. Wangemkamata mnunuzi sasa, mjenzi angeingia mitini na nusu yake, na mwaka kesho angepata mnunuzi mwingine.

Kwa hiyo Bawaba alimtaka mjenzi. Na alimshuku mtu mmoja tu.

Mwenyekiti wa chama cha wajenzi alikuwa jukwaani na kipaza sauti, mwembamba, anatoka jasho, mwenye safari tatu za ng'ambo ambazo hakuwahi kuzieleza.

"Shemeji! Umekuja kweli?"

Bawaba aligeuka. Mke wa kaka yake alikuwa nyuma ya meza namba saba, kando ya lori la magurudumu kumi, na mkoba wa vipuri umening'inia begani.

"Nimekuja. Kaka yuko wapi?"

"Alikuwa hapa sasa hivi. Kaenda kutafuta betri. Na wewe umekonda, nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Ndiyo maana," alisema shemeji, akacheka. Bawaba naye alicheka, kwa dhati, akaondoka kabla hajapewa kiti.

Saa tatu na dakika thelathini na tano.

"Dekio. Mwaga ndoo karibu na arobaini na moja. Nipe sekunde kumi."

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kuiharibu."

Katika mchezo huu kuna mwiko mmoja ambao hata mlevi anauheshimu: hugusi mashine ya mwenzako. Hata ikiwaka moto, unamwita mwenyewe. Na kuna sauti moja ambayo hakuna mjenzi anayeweza kuivumilia, sauti ya gia zilizoshikana nusu, zinazotafunana meno chini ya mzigo. Kaka yake alimwambia, "Ukiisikia, Dogo, ni kama mwanao analia chumba cha pili. Utainuka tu." Wajenzi wote ukumbini wangeisikia. Mmoja tu angenyoosha mkono.

Maji yakamwagika. Watu wakaruka, wakalalamika, wakainua suruali. Bawaba aliingiza vidole viwili kwenye mwili wa kreni, akaisukuma ekseli moja nusu kishimo.

Kra-kra-kra-kra.

Vichwa vikageuka meza baada ya meza. Hakimu mmoja alifumba macho. Daktari wa meno alishika shavu lake mwenyewe.

"Mshiriki namba arobaini na moja!" Mwenyekiti alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Mashine yako inajitafuna! Jamani, mwenyewe yuko wapi?"

Aliruka kutoka jukwaani, akaja mbio, akasimama mbele ya kreni. Bawaba alikuwa ameshika kitako cha bastola ndani ya koti.

Gusa, alisema moyoni. Gusa tu.

Mwenyekiti aliishika mikono yake miwili nyuma ya mgongo kama mtoto anayezuia kishawishi. Hakugusa. Alikuwa karibu kulia, lakini hakugusa.

Kra-kra-kra-kra.

Ndipo mkono ukapenya katikati ya watu.

Kidole cha shahada kilikuwa hakina ukucha. Uliliwa na swichi ya umeme kwenye chumba cha mitambo ya bwawa, miaka mingi iliyopita. Mkono huo ulimshika Bawaba siku ya kwanza ya shule. Ulimlipia karo. Ulimfundisha kukaza gia, kutia ekseli, kusikiliza.

Bawaba aliachia kitako cha bastola.

"Bawaba?" Dekio alinong'ona sikioni. "Huyo si..."

"Ndiye."

Kaka yake alikuwa ameinama, ameishika ekseli kwa vidole viwili. Hakuinua uso.

"Nani kaisogeza hii?" aliuliza.

"Mimi, Kaka."

Mkono ukasimama.

"Nilikufundisha mwenyewe," alisema kaka, polepole.

"Ndiyo."

Mnunuzi alikuwa mwepesi wa kuelewa. Kikombe cha kahawa kilianguka. Alipiga kumbo watu wawili, akalichomoa boksi la betri, akatimua mbio kuelekea mlango wa mizigo. Kreni ikazima, kreti likabaki linaning'inia.

"Anatoka!"

Bawaba alikuwa keshaondoka. Ujia mwembamba, makreti, mlinzi aliyepigwa na butwaa. Risasi ya kwanza ya mnunuzi ilitoboa bomba juu ya kichwa chake. Ya pili ikapotelea ukutani. Nje, Land Cruiser nyeupe ilikuwa inanguruma, mlango wazi.

Bawaba alipiga goti moja.

Tairi la mbele. Tairi la nyuma.

Gari liliyumba, likasimama. Mnunuzi alijaribu kugeuka na bastola yake, lakini Dekio alimfikia kwanza, na mpini wa dekio ulitua kwenye kifundo cha mkono kwa mlio wa mfupa.

"Kibegi hiki, boksi hili," Dekio alisema, akihema. "Nusu ya kwanza tunayo."

"Mfunge pingu. Narudi ndani."

"Atakuwa amekimbia."

"Hajakimbia."

Hakukimbia kweli. Watu walikwishatolewa ukumbini, na kaka yake alikuwa peke yake mbele ya kreni, ameweka boksi jingine la betri, anairudisha ekseli mahali pake. Kreti likapanda, kimya kabisa.

"Nusu ya pili iko wapi, Kaka?"

"Kwako."

"Sina muda wa utani."

"Ile trekta niliyokuletea mwezi uliopita. Fungua boksi la betri. Nilifikiri, ni nyumba gani nchi hii haitapekuliwa kamwe?" Alifuta vidole kwenye shati. "Nikaona ni ya mdogo wangu, mtu mkubwa wa idara."

Bawaba alihisi hasira, kisha aibu, kisha akashindwa kuzitenganisha.

"Kule chini ya bwawa kuna watu laki mbili."

"Unaniambia mimi? Nimewalinda miaka ishirini na miwili. Usiku wa mvua ninyi mlilala, mimi nilikesha na yale malango." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Halafu nikaondolewa. Ukaniambia ni kupunguza wafanyakazi. Ukanionea huruma, ukala chakula changu kila Jumapili. Ulifikiri sitajua aliyetia saini?"

Ilikuwa kweli. Idara ilitaka mmoja wao atoke: ama yeye idarani, ama kaka yake kwenye chumba cha mitambo. Ndugu wawili wasingeweza kushika siri mbili kubwa. Alipewa usiku mmoja wa kufikiri, na hakuutumia wote.

"Ungeniambia tu," kaka alisema. "Ningekupisha mwenyewe. Wewe ndiye niliyekulea."

"Nilikosa, Kaka. Lakini wale watu hawakukukosea chochote."

"Najua."

Alinyoosha mikono. Bawaba akamfunga pingu, akailegeza ya kulia kwa sababu ya kidole. Alipoona kaka yake ameliona hilo, alitamani asingelifanya.

Shemeji alikuwa mlangoni, na mkoba wake wa vipuri. Aliwaona polisi wakipita na mumewe.

"Wewe ulijua?" alimuuliza Bawaba.

"Nimejua sasa hivi."

"Na bado umemfunga?"

"Ndiyo, shemeji."

"Usiniite hivyo."

Aliuweka mkoba chini, taratibu, kama mtu mwenye kitu kinachovunjika, akalifuata gari la polisi kwa miguu.

Saa nne na nusu, simu ililia.

"Bawaba," alisema Mkuu. "Kazi nzuri. Dekio kasikia yote sikioni, nimetuma watu nyumbani kwako wakaichukue hiyo trekta. Wewe usifike huko kwanza. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Kesho utahojiwa. Utaratibu tu." Karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Kitu kimoja. Karani wa mahabusu anajaza fomu ya kaka yako. Nafasi ya mke kaijaza. Kwenye nafasi ya ndugu anasema andika hana. Karani kamwambia tunamjua mdogo wake, yeye kakataa. Tufanyeje?"

Bawaba alitazama barabara. Magari yalikuwa yanapita kama kawaida.

"Andikeni alivyosema, Mkuu. Hajadanganya."

Akakata simu. Alifunga vifungo vya koti, akangoja taa ya waenda kwa miguu iwake, akavuka barabara bila haraka.