Waridi za Kila Alhamisi

Walikutana stesheni ya treni ya Rooty Hill, huko ughaibuni, saa kumi na mbili asubuhi, watu wakisukumana kama wanagawiwa mahindi. Mkanda wa begi la Katungu ulinaswa na mlango wa treni. Kijana mmoja mrefu akauvuta, ukachomoka, yeye akaangukia mapajani mwa mzee wa watu.

"Pole, dada. Begi lako lina mawe?"

"Lina chakula changu. Na wewe huna adabu."

"Adabu ninayo. Namba yako ndiyo sina."

Katungu, mwanamke wa Butembo, alipakia maboksi kwenye ghala moja huko Ingleburn. Hata ndani ya fulana ya njano ya kazini, rasta zake ndefu zilifanya wanaume wapitwe na stesheni zao. Kijana aliitwa Aloys, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, na kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani kwao. Namba aliipata kabla treni haijafika Blacktown. Baada ya miezi minane posa ilikuwa mlangoni: Jumamosi ile wazee wa Aloys wangekwenda kwa mjomba wa Katungu kujitambulisha, na kreti za soda zilikwisha kuagizwa.

Siku tisa kabla ya Jumamosi hiyo, Divine, rafiki yake Katungu, akampigia simu.

"Shoga, leo umepewa maua?"

"Maua gani?"

"Basi, nimenyamaza."

"Divine! Usinifanyie hivyo, sema!"

"Nimemwona Aloys wako anatoka dukani na waridi nyekundu. Amechomekea shati, ananukia mpaka ng'ambo ya barabara. Na muuza maua ananiambia huja kila Alhamisi."

Loo! Wivu ulimpanda Katungu. Akampigia Aloys papo hapo.

"Mpenzi, maua ni ya nani?"

"Ni ya kazi, chérie."

"Kazi gani hiyo ya waridi?"

"Mambo ya mteja hayatoki nyumbani kwa mteja. Nilitia sahihi. Niamini."

"Niamini! Hata yule aliyemwachia dada yangu mimba alisema niamini!" Akakata simu.

Juma zima hakula vizuri. Alhamisi iliyofuata alidanganya kazini kwamba anaumwa, akamfuata Aloys mpaka mtaa mmoja karibu na stesheni ya Blacktown. Alijibanza nyuma ya gari la taka. Aloys akabisha hodi, waridi mkononi. Mlango ukafunguka nusu, ukatoka mkono wenye bangili za dhahabu, kucha nyekundu na pindo la gauni la mahameli ya buluu. Ukamshika Aloys begani, ukamvuta ndani.

Katungu hakungoja. Pale pale akampigia mjomba: "Waambie wasije Jumamosi. Sitaki tena." Kisha akavuka barabara, akaugonga ule mlango kwa ngumi.

"Toka nje, mwizi wa waume za watu!"

Mlango ukafunguka. Alisimama bibi wa miaka themanini, nywele nyeupe pe, ameegemea kigari chake cha kutembelea. Mahameli yalikuwa yake, kucha zake, bangili zake. Katungu alitamani ardhi immeze.

"Wewe ndiye Katungu?" bibi aliuliza kwa Kiingereza cha polepole. "Ingia. Huyu hunisimulia habari zako mpaka chai inapoa."

Aloys alikuwa amesimama nyuma yake, uso umekunjamana. "Katungu, hapa ni kazini kwangu. Unataka nifukuzwe?"

"Siri ni yangu," bibi akasema, "na mimi ndiye ninayeifungua."

Jina lake Bi Mahin. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye miwani minene: mumewe, Behrouz. Alikuwa mtoto wa mwoka mikate aliyejifunzia hesabu kwenye mizani ya unga, akasoma mpaka akawa mwanasayansi wa nyuklia. Alianza na dawa za kutibu saratani. Kisha serikali ya kwao ikamchukua kwa kazi nyingine, na nyumba ikajaa walinzi, simu za kunong'ona na safari zisizotajwa.

"Kila nikimwuliza, jibu ni moja: niamini. Mimi nikajua ni mwanamke. Nilinusa makoti yake, binti yangu. Nilipekua mifuko. Alhamisi moja asubuhi alisimama mlangoni kuniaga. Nikageukia ukuta, sikumjibu."

Akainusa waridi moja.

"Jioni, akiwa njiani kurudi, watu wawili wa pikipiki walimpiga risasi kwenye taa za barabarani. Aliyewatuma hajajulikana mpaka leo. Ndani ya gari lake zilikutwa waridi, na kadi yenye jina langu. Ni miaka kumi na minne sasa. Ndiyo maana kila Alhamisi najipamba, Aloys naye hujipamba na kuniletea maua mlangoni kama vile yeye ni Behrouz, nami nasema: karibu nyumbani, mume wangu. Miaka ile yote nilimwonea wivu mwanamke ambaye hakuwepo. Wewe una nafuu, wako yupo hai."

Katungu alilia mpaka akaazimwa leso. Ikabidi akiri na ile simu aliyompigia mjomba.

"Umekwisha kuwakataza?" Aloys aliuliza. "Bila kunisikiliza?"

"Ungesema tu ni bibi kizee!"

"Nilitia sahihi, Katungu. Nenda nyumbani."

Siku ile Aloys hakupiga simu. Katungu naye alikuwa na hasira zake, maana neno moja lingewaokoa wote, lakini kila alipofumba macho alimwona Bi Mahin ameugeukia ukuta.

Ijumaa alfajiri alitoka mbio mpaka stesheni na kanga ya kulalia, kilemba kimepinda. Akamkuta Aloys anaingia kwenye treni.

"Bado nimekukasirikia!" alipaza sauti, watu wakageuka.

"Na mimi pia!"

"Sawa! Nenda salama, mume wangu!"

Aloys aligeuka mlangoni. "Umeniita nani?"

"Umesikia. Nimempigia mjomba tena, kasema mimi kichaa. Kesho saa nane mchana, msichelewe!"

Milango ikajifunga kabla hajajibu. Aloys akaweka kiganja chake kwenye kioo, anacheka, macho yamelowa. Katungu alisimama palepale akimpungia mkono, mpaka behewa la mwisho likapita.