Siachii Mpaka Wafike

Saa nne asubuhi makutano ya soko kuu hayana adabu. Magari yanapigiana honi, wauza mboga wamemwaga biashara hadi ukingoni mwa lami, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Hapo ndipo lori dogo la magodoro lilipokata kona bila kuonyesha taa. Fundi saa mmoja, aliyekuwa akienda zake dukani kwa pikipiki, akarushwa na kutua kwa mgongo katikati ya njia.

Watu walimiminika. Na niwaambie ukweli, watu wetu wana huruma mpaka inatisha. Huyu keshamshika miguu, yule kwapa, wa tatu anahangaika na kamba ya helmeti, wa nne ana chupa ya maji, na teksi imeshafunguliwa mlango ili akunjwe humo kama shuka.

"Mwacheni hapo hapo alipo."

Aliyesema alikuwa fundi cherehani, dada mwembamba mwenye gauni la njano lenye madoa meupe, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, katoka kununua zipu. Hakupaza sauti. Lakini mikono yote ilirudi kwa wenyewe, na mimi hadi leo nikilikumbuka jambo lile mwili unanisisimka.

Akawagawia kazi. Mmoja asimamishe magari, mmoja azime pikipiki maana petroli inavuja, mmoja apige simu ya gari la wagonjwa, aeleze mahali na aseme majeruhi anapumua. Maji asipewe. Helmeti isivuliwe. Yeye akapiga magoti kwenye lami ya moto, akakibana kile kichwa katikati ya magoti yake, akainua kioo cha helmeti ili mtu apate hewa. Kisha akatoa mkasi, akalifungua koti la ngozi begani, palipokuwa panatoka damu. Akakunja kitambaa, akaufunga utepe wake juu yake, akamwita muuza mchicha aweke kiganja pale na kukandamiza bila kuachia. Mikono ilipobaki mitupu, akaishika helmeti pande zote mbili.

"Usigeuze kichwa. Unafanya kazi gani?"

"Fundi saa."

"Basi fundi, nisogezee vidole."

Vya kulia vilisogea. Vya kushoto vilichelewa, na viwili vikakataa kabisa.

"Nakufa?" akauliza.

"Sijakupa ruhusa."

Akacheka kidogo, kisha macho yakamjaa machozi. "Usiniachie, dada."

"Siachii mpaka wenye kazi yao wafike."

Dakika arobaini, jamani. Jua kali, magoti yanaungua, umati unanung'unika kwamba mwanamke huyu ana roho ngumu. Dada mkubwa wa majeruhi, mwalimu wa shule ya jirani, alifika mbio, chaki bado vidoleni, akamsihi amwachie mdogo wake apelekwe. Akakataliwa. Akamwambia mbele za watu kwamba likitokea la kutokea, damu hiyo iko mikononi mwake. Fundi cherehani alitetemeka midomo tu. Mikono haikutikisika hata kidogo. Gari la wagonjwa lilipofika na ubao wake na kola ngumu ya shingoni, akawakabidhi kichwa. Walipokwisha kumfunga majeruhi, mhudumu mmoja aliuliza nani alikuwa amekishika kichwa. Mwenyewe alishaokota zipu zake na kuondoka akichechemea.

Alikimbia nini? Miaka sita nyuma kaka yake alianguka na pikipiki vivyo hivyo. Ni yeye, kwa machozi na mapenzi, aliyemvua helmeti na kusaidia kumbeba. Tangu siku ile kaka hatembei. Hukaa kwenye kiti cha magurudumu ndani ya duka la dada yake, anashona vifungo na kumtania kila mteja. Muuguzi mmoja ndiye aliyemfundisha yule dada, pole pole, yote aliyopaswa kufanya siku ile. Alijifunza kila kitu, ila kwa kaka yake muda ulikuwa umeshapita.

Siku ya tano baada ya ajali ya sokoni, simu ya fundi cherehani ililia. Kumbe mwishoni mwa utepe alikuwa ameandika namba yake kwa kalamu ya wino, maana mafundi wenzake wanaazimana utepe na hawarudishi. Fundi saa aliukuta kwenye mfuko wa nguo zake hospitalini. Hata hakumaliza salamu.

"Vidole vinasogea?" akaulizwa.

"Nane."

"Na vile viwili?"

"Vimelala. Vinasema vinakungoja wewe."

Wakawa wanapigiana simu kila siku baada ya chakula cha mchana. Fundi saa alilalamika kwamba anampenda mtu ambaye amemwona juu chini tu, kidevu mahali pa paji la uso, na hajui hata pua yake inaelekea wapi. Fundi cherehani alimjibu kwamba pua yake inaelekea kazini. Kaka mtu naye, uzi mdomoni, alimkumbusha kila simu ikichelewa kwamba mashine inalia na shemeji pia analia. Wiki ya tatu fundi saa alimwita mpenzi, na hakukatazwa.

Ndipo mwalimu alipogundua mdogo wake anaongea na nani. Akaichukua simu.

"Ni wewe? Dakika arobaini ulimlaza kwenye lami. Ungemwachia akawahi, vidole vyake visingekufa. Fundi saa bila vidole ni nani?"

Fundi cherehani aliikata simu. Ubaya ni kwamba aliamini. Alijiona amewaharibu wanaume wawili sasa, mmoja kwa kumwinua na mwingine kwa kutomwinua. Tangu hapo simu ikawa inaita inakatika, inaita inakatika, siku kumi na saba. Kaka yake alimwambia anajihukumu kwa kesi ya mwingine. Yeye akaendelea kukanyaga cherehani.

Siku ya kutolewa kola, daktari aliwaonyesha fundi saa na dada yake picha ya shingo. Kwenye mfupa palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.

"Angevutwa, au angevuliwa helmeti kwa pupa, mfupa huu ungeteleza," daktari alisema. "Tusingekuwa tunazungumza vidole viwili. Tungekuwa tunazungumza mikono na miguu yote. Ganzi ilitokana na kule kuanguka, na itaondoka. Nani alikushika?"

Mwalimu alikaa chini, akalia kama mtoto.

Jumamosi asubuhi fundi saa na dada yake wakaingia kwenye duka la ushonaji. Fundi cherehani alisimama, utepe mpya shingoni, gauni la buluu lililompendeza kuliko alivyojua. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ule mkono wa kushoto.

Mwalimu alilitandaza koti la ngozi juu ya meza. Lilikuwa la marehemu baba yao, na nyumbani hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitazama tangu ajali. Mkono wa koti ulikuwa umetoka mzima. Ngozi haikuwa na mkato hata mmoja. Uzi tu ndio uliokatwa, tundu kwa tundu.

"Katikati ya damu na kelele zote zile," mwalimu alisema taratibu, "wewe ulikuwa unafuata mshono, na mimi nikaja kukutukana?"

"Sikufikiri. Mkono ndio umezoea."

Kisha mwalimu akamshika fundi cherehani mabega. "Nisamehe, mdogo wangu." Hilo "mdogo wangu" ndilo neno alilokuwa akimlilia nduguye pale njiani.

Likafunguka lililokuwa limeziba miaka sita. Fundi cherehani alisema mbele yao kwamba kaka yake yule kwenye kiti cha magurudumu, yeye mwenyewe ndiye aliyemvua helmeti siku alipoanguka.

Kaka akatoa uzi mdomoni. "Ulinivua kwa kunipenda, hukujua. Huyu hukumvua kwa sababu yangu. Kwa hiyo shemeji nimemwokoa mimi, na nastahili chai." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, nisukume tukainywe nje."

Walipobaki wawili, fundi saa alikaa kwenye kiti cha wateja. Akamwomba asimame nyuma yake na kumwinamia. Akainua uso, taratibu, kwa shingo ambayo bado ilikuwa na uoga, akauona tena uso ule juu chini.

"Ndiyo wewe," alisema.

Fundi cherehani aliweka viganja vyake pande zote mbili za uso wake. "Sogeza vidole."

Mkono wa kushoto ukapanda, ukakishika kiganja chake. Vitatu vikakaza. Kisha, vikichelewa kama vilivyochelewa siku ile, viwili navyo vikakaza.

"Siku ile ulisema huniachii mpaka wenye kazi yao wafike."

"Nilisema."

"Basi leo hakuna niliyemwita."

Hakumwachia.