Kitufe cha Kusikiliza

Rafiki yangu mmoja, mshonaji, alifiwa na mdogo wake wa kike. Marehemu aliacha blogu, na kila mchana rafiki yangu aliifungua pale kibandani kwake, akasoma kipande kimoja ndipo aendelee na kazi.

Siku moja huduma iliyohifadhi blogu hiyo ikaleta miundo mipya na vitufe vipya. Alipofungua, rangi zilipendeza kweli, lakini maandishi yote yalikuwa yametoweka. Akampigia simu fundi wa kompyuta.

"Jaribu kubadilisha muundo, mama," fundi akamwambia. "Pengine yatarudi."

Akajaribu mmoja baada ya mwingine mpaka yote ikaisha. Kurasa zilikuwa tupu. "Usiniache mara ya pili, mdogo wangu," akalia, machozi yakidondokea kitambaa cha mteja.

Nje wingu zito likatanda, mvua ikaanza kupiga bati, na umeme ukakatika. Kibanda kikawa giza totoro, kompyuta pekee ikiwaka kwa betri. Ndipo akaona kitufe kipya kilichoandikwa "Sikiliza", cha kumsomea mtu maandishi kwa sauti. Ukurasa haukuwa na hata herufi moja, lakini kwa kukata tamaa akakibonyeza.

Halafu ikasikika pumzi, kama ya mtu aliye karibu sana. Kisha sauti ya mdogo wake, nzito kwa usingizi, ikauliza, "Dada, mbona umezima taa?"