Nguzo Nene ya Bunge la Zamani

Jioni ile niliingia na ndoo yangu kwenye ukumbi wa bunge la zamani, mwanangu mgongoni. Ilikuwa siku yangu ya mwisho. Wabunge walishahamia jengo jipya, na kesho yake hili lingefungwa.

"Mlaze tu kwenye kiti, binti," alisema mzee anayetunza funguo. "Humu wamelala waheshimiwa wengi. Wako si wa kwanza."

Nilicheka kwa kuziba mdomo. Nikamlaza kiti cha nyuma, nikapiga deki huku nikimwimbia polepole, kama nilivyofanya miezi mitatu yote.

Ukumbi ule una kuba. Ukinong'ona ukutani upande huu, sauti inapanda, inazunguka, inashukia upande wa pili. Mzee alishanionyesha. Kwa hiyo wimbo wangu uliporudi kutoka kwenye nguzo za mbele, sikushtuka.

Nguzo ni kumi na mbili. Kumi na moja nyembamba. Moja nene, kama mtu aliyejifunika shuka.

Nikanyamaza.

Wimbo haukunyamaza.

Ilikuwa sauti ya mtoto, inakosea maneno palepale ninapokosea mimi. Kisha ikaja harufu... chokaa mbichi.

"Mama..."

Wangu ana miezi saba. Hajui kusema.

"Mama, unaondoka?"

Ningeweza kukaa kimya. Lakini sauti ile ilikuwa imechoka sana kusubiri, na mdomo wangu ukanitangulia.

"Siondoki, mwanangu. Lala."

Nguzo ikashusha pumzi.

Nilimnyakua mwanangu nikakimbia. Mlangoni mzee alinusa nguo zangu.

"Umemjibu?" alinong'ona.

Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa kwenye ngazi, taratibu.

"Mama yake alikuwa anawachotea mafundi maji. Alimlaza kivulini, chini ya ile nguzo, akamwambia lala, narudi. Mawe yakaporomoka. Wakubwa wakakataa yafukuliwe, ufunguzi ulikuwa wiki ileile. Wakazungushia mawe mengine juu yake. Ndiyo maana ni nene."

"Na mama yake?"

"Walimfungia geti." Akanitazama. "Umemwambia nini?"

"Kwamba siondoki."

Mzee aliinuka. Akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili.

Mwaka umepita. Chumba chetu ni cha mbao, hakijawahi kupakwa chokaa. Lakini kila jioni nikimlaza mwanangu, harufu ile inakuja. Mume wangu ananiuliza kwa nini wimbo mmoja nauimba mara mbili. Sijawahi kumwambia.

Siku moja nilijaribu kuimba mara moja tu. Mwanangu akasinzia. Nikazima taa, nikajilaza.

Ukutani mtu akaanza kulia... polepole, kama mtoto aliyezoea kulia bila kusikika.

Nikaamka, nikaimba tena.