Saini Kabla ya Zege

Haya yalimpata Evarista, au Mama Celina, jirani yetu wa Gerezani, mwaka sabini na nne. Alikuwa mpiga chapa wa Bwana Hashil, msanifu majengo mwenye ofisi karibu na Mnazi Mmoja. Asubuhi hiyo alikoroga uji, akawapeleka watoto wanne shuleni, akaenda kazini kama siku zote.

Kazi ilikuwa ukaguzi wa mwisho wa ghorofa la ushirika, Kariakoo. Jumamosi familia kumi na mbili zingehamia. Kilibaki cheti cha Bwana Hashil tu.

Sheria ilimtaka msanifu azione nondo za kila nguzo kwa macho yake, asaini, ndipo zege limwagwe. Lakini saruji ilikuwa ya mgao. Ikifika leo, inamwagwa leo. Kwa hiyo, miezi minane kabla, alipokwenda harusini Tanga, Bwana Hashil aliacha kurasa tupu zenye saini. Lori lilipofika, Evarista akajaza tarehe. Hakuona ubaya. Kazi isisimame.

Siku hiyo ya lori, mfunga nondo, Kitwana, aligoma. Alisema kwenye nguzo ya tatu, pete za chuma zinazobana nondo zimepungua. Uwesu, msimamizi, akamwonyesha karatasi.

"Msomi ameshakagua. Wewe nani?"

Kitwana akapanda kuziongeza mwenyewe. Ubao ukateleza, akaanguka, akafa. Zege likamwagwa jioni ileile; yeye alizikwa kwao Masasi.

Sasa ilikuwa miezi minane baadaye, saa saba mchana. Evarista alisimama na Bwana Hashil kando ya nguzo ile, daftari mkononi. Barabarani wapagazi walikuwa wanasukumana. "Pisha, mzee, au nikupakie na wewe!" Ndani palikuwa na baridi.

Akasikia mtu anahesabu.

"Moja. Mbili. Tatu."

Sauti ilitoka ndani ya zege.

"Nne. Hapa hakuna. Hapa hakuna."

Akamtazama Bwana Hashil. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo.

"Umesikia, bwana?"

"Mabomba hayo, Mama Celina."

"Maji hayajaunganishwa."

Bwana Hashil akamsogelea, akanong'ona. "Nikisema sikukagua, wananifutia usajili. Na jela ipo. Ile tarehe ni mkono wa nani?"

"Wangu."

"Basi kapige cheti."

Alirudi ofisini, akaweka karatasi kwenye taipureta. Akawafikiria watoto wake. Akawafikiria watoto wa zile familia kumi na mbili. Hakupiga hata herufi moja. Akauchomoa ukurasa wenye saini kwenye faili, akaenda nao kwa miguu mpaka kwa mkaguzi wa serikali, akaeleza yote, pamoja na tarehe yake.

Wiki ileile hakuwa na kazi tena. Bwana Hashil alifutiwa usajili.

Siku ya kuvunja nguzo, Evarista aliitwa kuwa shahidi. Nyundo zilianza saa nne. Juu zilionekana pete nne. Chini yake, hakuna.

"Hii ilitakiwa iwe imeshaanguka," mkaguzi alisema. "Sijui ilishikwa na nini."

Vibarua wakaacha kugonga. Mmoja akaweka nyundo chini, akaondoka bila kuaga.

Kwenye zege, kuzunguka nondo, kulikuwa na alama za vidole. Mkono wa kulia. Mkono wa kushoto. Kila inchi sita, mpaka sakafuni, kila mahali ilipokosekana pete.

Evarista akachuchumaa. Akaigusa alama ya mwisho.

Zege lake lilikuwa bado bichi.