Spea Isiyooshwa

Wiki ya Krismasi, Kariakoo hupungukiwa Wachagga. Hufunga maduka mmoja mmoja na kupanda Kilimanjaro kula sikukuu nyumbani kwao. Mwaka huo karibu wote walikuwa wameshaondoka. Alibaki Tarsis, au Mangi kama alivyoitwa mtaani, muuza vyombo wa mtaa mmoja karibu na Msimbazi, na kilichombakisha ni gari.

Lilikuwa Pijo la zamani, lile lile alilofungia ndoa na mkewe, Agnesi. Waya wa akseleta ulikuwa umekatika. Unakanyaga mafuta, injini haina habari na wewe.

Watu walimwambia apande basi, naye alinuna kila alipoambiwa. Basi ndilo lililomuua Agnesi, mwezi wa nne, akirudi Dar kutoka nyumbani. Jioni ile alipiga simu: "Baba Allan, bandika chai, nakaribia." Tarsis akabandika. Chai ikachemka, ikapoa. Mwili haukuletwa mjini. Ulirudishwa Kibosho moja kwa moja, maana Mchagga huzikwa kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo. Siku ya mazishi Tarsis aliahidi kwamba Krismasi angekuja kaburini na Pijo lao. Tangu hapo, mtoto wao Allan akiwa kwa bibi yake, alikula peke yake, redio ikiwa wazi ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Upweke ulimla, na hakuona aibu kuusema.

Alasiri ile fundi Rajabu, mzee wa Magomeni aliyelijua Pijo kuliko mwenyewe, alitoa kichwa kwenye boneti.

"Waya wake haupo Bongo hii, Mangi. Kesho nitakutafutia wa kuunga."

"Kesho? Mimi alfajiri nataka niwe njiani. Naenda kwa wauza spea wa Gerezani sasa hivi."

Rajabu alifuta mikono taratibu.

"Spea za Gerezani nyingi zimetoka kwenye ajali. Mimi sifungi mpaka nizioshe kwa maji ya bahari. Asubuhi nitapitia Feri nichote. Chuma kina safari yake, Mangi. Kama hakikufika, bado kinataka kufika."

"Mimi Mkristo, fundi."

"Bahari haiulizi dini. Ukifunga hivyo hivyo, shauri yako. Ila ukisikia hodi na huoni mtu, usiitikie karibu."

Tarsis akacheka. Kucheka ni bure.

Alipofika Gerezani, adhana ya magharibi ilikuwa inamalizikia. Vibanda vilikuwa vimefungwa. Mbwa hakuna. Mateja wanaolala pale kila siku hawakuwepo...

Kibanda kimoja tu kilikuwa na kibatari.

Ndani alikaa mwanamke, uso ameuelekeza ukutani. Kanga yake ilikuwa imelowa, na mvua haikuwa imenyesha. Alinuka dizeli na udongo mbichi.

"Habari za jioni, mama."

Hakuitikia salamu. Hilo peke yake lingemtosha mtu mwenye akili zake kugeuza.

"Unataka waya," alinong'ona mwanamke.

Tarsis hakuwa amesema shida yake. Mkono ukanyooshwa nyuma bila kugeuka, ukampa waya wa klachi ya pikipiki na springi moja nene.

"Havilingani hivi."

"Vitafika."

"Na hii springi ya nini?"

"Ya basi..." Kibatari kilicheza. "Lilikuwa linakuja huku."

Tarsis alijua basi lipi; hakuhitaji kuuliza. Angeweza kuirudisha. Badala yake aliifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Akauliza bei.

"Nenda navyo. Vimechoka kukaa."

Akazima kibatari.

Aliporudi kwenye gari, Rajabu alikuwa ameshaondoka. Tarsis alifunga mwenyewe, kwa tochi ya simu mdomoni. Waya wa pikipiki ulikuwa mrefu. Akaukunja, akaubana kwa kipande cha tyubu. Springi ya basi ilikuwa kubwa kwa kabureta ya Pijo. Akaibana kwa koleo mpaka ikakubali. Injini ikawaka. Akaingia barabarani azunguke mtaa mara moja tu, ajaribu.

Pedeli ya mafuta ikazama.

Mguu wake ulikuwa juu ya breki.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La Tarsis lilibaki zima, ila halikuwa na kazi tena. Gari lilikata kona lenyewe, likashika njia ya Magomeni. Na halikulia kama Pijo. Lililia kwa sauti nyembamba, ya pikipiki.

Lilisimama mbele ya nyumba ya Kiswahili. Mwanamke akatoka mbio, miguu mitupu.

"Twaha! Twaha, umefika?"

Alipomwona Tarsis, mikono ikamwanguka.

"Samahani, baba. Nimesikia pikipiki ya mume wangu. Alikuwa bodaboda. Aligongwa mwaka jana akirudi nyumbani."

Mlango wa abiria ukafunguka wenyewe. Ukafungwa. Hakushuka mtu. Kisha mlangoni pa nyumba, nyuma ya mwanamke, sauti ya kiume ikasema chini chini:

"Hodi, Maimuna."

Mwanamke hakugeuka. Machozi yakamtoka, na huku anatabasamu.

"Karibu," alisema.

Akarudi ndani, na taa ikazimika.

Tarsis alitaka kumpigia kelele arudi, lakini pedeli ilikuwa imezama tena. Sasa mngurumo ulikuwa mzito, wa dizeli. Pijo likalala nyuma kama limepakia mzigo. Kwenye kiti cha nyuma mtoto akakohoa...

Hakutazama kioo. Njia nzima hakutazama. Gari likampeleka Kariakoo, mpaka mlangoni kwake, likajizima.

Aliingia ndani, akafunga komeo. Mikono ilijua inachofanya: ilibandika chai. Maji yalipoanza kuimba, ndipo aliposikia.

"Hodi."

Alichungulia dirishani. Barazani hapakuwa na mtu.

"Baba Allan... hodi."

Maneno ya Rajabu aliyakumbuka yote, moja baada ya jingine. Alitazama sufuria ya chai ya mtu mmoja. Alitazama kochi la mkewe na kitambaa alichokifuma Agnesi, hakijakaliwa tangu mwezi wa nne. Alimpenda yule mwanamke. Basi, ndivyo ilivyokuwa.

"Karibu, Mama Allan," alisema. "Karibu ndani."

Komeo halikufunguliwa. Lakini kochi la Agnesi likabonyea, taratibu, na kitambaa kikajikunja.

Tarsis alilia kama mtoto.

"Umechelewa sana."

"Njia ilikuwa mbaya," ilijibu sauti ya Agnesi.

Akamimina chai. Hata kikombe hakijajaa...

"Hodi."

Sauti ya mwanamume, asiyemjua.

"Hodi." Ya bibi kizee.

"Hodi." Ya mtoto, na kikohozi.

Tarsis aligeukia kochi. Harufu ya dizeli na udongo mbichi ilikuwa imejaa sebuleni.

"Baba Allan," Agnesi alinong'ona, "siwezi kuwaacha wenzangu nje. Waambie karibuni."

Asubuhi Rajabu alikuja na galoni la maji ya bahari. Alikuta milango yote ya Pijo wazi na viti vimelowa tope. Akapiga hodi nyumbani. Hakuitikiwa. Akapiga tena. Ndani alisikia viti vikiburutwa, na minong'ono, kama kwenye msiba.

Dirisha likafunguka kidogo. Mkono wa Tarsis ukatokeza na ufunguo.

"Fundi, naomba nenda dukani kwangu. Niletee vikombe."

"Kibosho huendi tena? Una wageni, Mangi?"

"Niletee vikombe."

"Vingapi?"

Kwenye ule upenyo wa dirisha, Rajabu alimwona Tarsis akigeuza shingo, akitazama mlango wake uliokuwa umefungwa kwa komeo.

"Lete vyote," alinong'ona. "Bado wanaingia."